Hesabuni Mbolea ya Bandani Kabla ya Ile ya Dukani: Barua kwa Wakulima Wafugaji wa Njombe

Shropshire, Uingereza

Wazee wangu, mama zangu, na vijana wenzangu mnaolima na kufuga Njombe,



Kila msimu ukikaribia mnaniuliza jambo lilelile: mbolea ya kukuzia tununue Urea, CAN (naitreti ya amonia yenye chokaa) au SA (salfeti ya amonia)? Kwa simu sijawahi kulijibu inavyostahili, ndiyo maana nawaandikia nyote kwa pamoja. Shamba ninalofanyia kazi huku lina ng'ombe wa maziwa, ngano, shayiri na mahindi ya sileji. Ni kubwa kuliko yenu, lakini linategemea jambo lilelile mnalolitegemea: ng'ombe na mazao kulishana. Basi jibu langu nalitanguliza. Mwenye ng'ombe ahesabu kwanza naitrojeni iliyo bandani mwake. Akienda dukani, asilinganishe mifuko kwa bei iliyoandikwa, bali kwa kilo za naitrojeni zitakazoufikia mzizi.

Niwaeleze tunavyofanya. Kabla trekta halijaingia shambani mwezi Februari, tunakoroga shimo la samadi ya maji mpaka tope la chini lipande juu. Tunachota sehemu mbalimbali, tunachanganya kwenye ndoo, kisha tunajaza chupa ya kupeleka maabara. Chupa hiyo tunaiachia nafasi juu, maana gesi ikijikusanya ndani inaweza kuipasua. Mwongozo unaotumiwa na wakulima wa huku unakadiria kuwa mita moja ya ujazo ya samadi ya maji ya ng'ombe ina naitrojeni kilo 2.6 hivi, na tani moja ya samadi ya zizi ina kilo 6. Ile ya maji huupa mmea sehemu kubwa zaidi ya naitrojeni yake msimu uleule. Samadi ya zizi iliyokaa hutoa karibu moja ya kumi tu mwaka wa kwanza, na inayobaki hutoka polepole miaka inayofuata. Tukishajua samadi itatoa kiasi gani, tunakitoa kwenye mahitaji ya zao. Pengo linalobaki ndilo tunalonunulia mbolea.

Takwimu hizo ni za ng'ombe wa huku na malisho ya huku, kwa hiyo zenu zitatofautiana. Lakini kuna jambo la kukumbuka: mara nyingi nusu au zaidi ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe iko kwenye mkojo. Sisi Njombe tunazoa kinyesi kwa bidii, mkojo tunauacha ukimbilie mtaroni. Zungukeni nyuma ya banda mtazame pale unapotokea: majani yake ni ya kijani kizito kuliko yote kiwanjani. Hiyo ni naitrojeni mliyoilipia kwa pumba na mashudu, nayo inastawisha magugu. Sakafu ikiwa na mwinamo kuelekea kwenye shimo lenye mfuniko, mkojo utakusanyika. Mabua makavu au maranda yakitandikwa chini ya ng'ombe, yataunyonya. Na lundo la samadi likiezekwa, hata kwa nyasi, mvua haitaliosha wala jua halitalikausha likabaki makapi.

Samadi peke yake haitayatosheleza mahindi yanayotarajiwa kutoa mavuno makubwa, nami sitawaambia muache mbolea ya dukani. Nasema inunuliwe kwa hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Wa CAN yenye asilimia 27 una kilo 13.5. Wa SA yenye asilimia 21 una kilo 10.5. Tuseme Urea ni shilingi 70,000, CAN 60,000 na SA 50,000. Kilo moja ya naitrojeni inakugharimu kama shilingi 3,040 kwenye Urea, 4,440 kwenye CAN na 4,760 kwenye SA. Mfuko wenye bei ndogo kuliko yote ndio wenye naitrojeni ghali kuliko yote.

Ukiishia hapo utasema Urea imeshinda. Lakini Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na joto, vimeng'enya vya udongo huigeuza kuwa amonia, nayo huondoka na hewa. Ikipotea theluthi moja, katika zile kilo 23 zinabaki 15 na ushee, na kilo iliyofika shambani inakuwa imekugharimu zaidi ya shilingi 4,500. Hapo CAN imekuwa rahisi kuliko Urea. Huku Ulaya upotevu huo umechukuliwa kwa uzito mkubwa. Ujerumani, tangu Februari 2020, sheria inataka Urea iwe na kizuizi cha vimeng'enya hivyo, au ichanganywe na udongo ndani ya saa nne tangu kumwagwa. Hapa England, tangu 2024, utaratibu waliokubaliana wakulima unaruhusu Urea isiyo na kizuizi kuanzia 15 Januari hadi 31 Machi tu, wakati bado ni baridi.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, la kwanza jiulizeni: nina mikono ya kuifukia? Mwenye watu wa kutosha achimbe kishimo pembeni mwa shina, aweke Urea, afukie sentimita tano hivi, udongo ukiwa na unyevu. Atapata naitrojeni ya bei nafuu kuliko zote. Asiyeweza kufukia achukue CAN, ambayo haipotei hewani kwa kiasi hicho. Ila aigawe mara mbili, kwa sababu nusu ya naitrojeni yake iko katika naitreti, na mvua kubwa huishusha chini mzizi usikofika.

La pili ni udongo wenyewe. Maeneo mengi ya kwetu yana udongo wenye tindikali. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuidhuru mizizi, na fosforasi mliyoweka wakati wa kupanda hushikwa na udongo. SA huongeza tindikali kuliko hizo nyingine mbili, zaidi ya mara mbili ya Urea kwa kila kilo ya naitrojeni. Inafaa pale salfa inapopungua na udongo haujachachuka. CAN ina chokaa ndani yake, kwa hiyo ndiyo pole zaidi kwa udongo. Pimeni udongo kwanza, na ukidai chokaa ya kilimo, chokaa itangulie. Ukiruka hatua hiyo, mbolea yoyote utakayonunua itafanya kazi nusu.

La tatu ni usalama, na hapa nawasihi kwa moyo wote. Ng'ombe akilamba Urea iliyomwagika, tumbo lake huigeuza kuwa amonia kwa kasi, na anaweza kufa ndani ya saa chache. CAN nayo ina naitreti inayoweza kumuua. Mifuko isikae bandani wala karibu na hori, na mfuko uliotoboka ufungwe siku hiyohiyo. Mfuko mtupu wa mbolea usitumike kubebea pumba wala majani ya ng'ombe, hata ukiwa umefuliwa.

Na msisahau kwamba mabua mnayoyatoa shambani kuwalisha ng'ombe yanaondoka na rutuba ya shamba hilo. Samadi yake irudi palepale, isiishie kwenye bustani iliyo karibu na nyumba. Mkojo uliochanganywa na maji wekeni kwenye mabingobingo baada ya kukata, jioni au siku ya manyunyu. Maharage nayo yapewe zamu yake shambani, kwa kuwa yanajitafutia naitrojeni hewani.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda dunia nzima, kwa sababu naitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa gesi asilia, na vita vya Ukraine viliikuta bei ya gesi ikiwa tayari juu. Niliona huku jinsi mashamba yenye mifugo yalivyoipima upya kila lita ya samadi. Ruzuku ya serikali iliwasaidia ninyi kupumua, na naiombea idumu. Lakini bei ya gesi haipangwi Njombe. Sakafu ya banda, paa la samadi na kina cha kufukia Urea vimo mikononi mwenu.

Naomba vikundi vyenu vikae kabla ya Novemba, pamoja na afisa ugani, mpime udongo wa mashamba machache na kuhesabu samadi ya kila kaya. Anayetaka tufanye hesabu pamoja anitumie picha ya cheti cha udongo, idadi ya ng'ombe na ukubwa wa shamba. Nitakaa naye mpaka tujue anahitaji mifuko mingapi, na ya mbolea ipi.

Ni mimi ndugu yenu,
Shropshire