Moyo na Masikio ya Punda

Mtu akidanganywa, majirani humcheka sokoni na njiani, wakamwita mjinga. Lakini iko hadithi moja ya kale ya pwani ambayo haimcheki aliyedanganywa mara ya kwanza. Kicheko chake chote imemwekea yule arudiye mahali alipoponea chupuchupu.

Hadithi yenyewe ni ya kima na papa. Palikuwa na mkuyu mkubwa kando ya bahari, matawi yake mengine yakiinamia mji na mengine yakiinamia maji. Kima alikwenda kila siku kula matunda yake, na papa alipopita chini alimwomba, naye akamtupia. Wakaendelea hivyo siku nyingi hata wakawa marafiki. Mwisho papa akasema kwamba wema huo haulipiki ila kwa kumchukua kima mpaka kwao, akapokewe kwa heshima. Kima akajibu kwamba wanyama wa nchi kavu hawaendi baharini. Papa akamwambia asiogope, kwani atampakia mgongoni. Kima akakubali.

Walipofika katikati ya bahari, papa akamwambia kweli: Sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa iliyotajwa ni moyo wa kima. Kima hakulia wala hakuomba. Alisikitika tu kwamba hakuambiwa mapema, kwa maana kima watokapo safari huiacha mioyo yao mtini; laiti angalijua, angaliuchukua wake. Papa akageuka upesi kumrudisha akautwae. Kima alipokwisha kupanda juu, akakaa kimya. Papa alipozidi kumwita, kima akamsimulia habari za punda wa dobi.

Punda huyo alikuwa ametoka kwa bwana wake, akakaa mwituni akila majani mpaka akanenepa. Mwitu huo ulikuwa na simba aliyekonda kwa ugonjwa, na sungura akamwahidi kumletea nyama. Sungura akamwendea punda, akamwambia kwamba ametumwa na simba kuleta posa. Punda akafurahi, akamfuata. Simba akamrukia, lakini nguvu zake zilikuwa chache. Punda akampiga mateke, akakimbia na majeraha yake. Siku zilipopita simba akapata nafuu, akamtuma sungura mara ya pili. Sungura akamwambia punda kwamba alikimbia bure, kwani mchumba aliinuka kwa furaha ya kumpokea tu. Punda akarudi, na siku hiyo hakutoka. Simba akaagiza nyama ichomwe, yeye awekewe moyo na masikio. Sungura akavila vyote viwili. Alipoulizwa viko wapi, akajibu kwamba mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio. Kama angalikuwa navyo, angalirudije mara ya pili? Simba akaona neno hilo ni kweli. Na kima alipokwisha kusimulia, akamwambia papa aende zake.

Hadithi hii imesafiri mbali. Asili yake ni Bara Hindi, katika mkusanyo wa Kisanskriti uitwao Panchatantra. Katika karne ya 6 ilitiwa katika Kiajemi cha kale, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu, katika kitabu cha Kalila wa Dimna. Kwa Wahindi rafiki wa kima ni mamba, na kwa Waarabu ni kobe. Waswahili walimtia papa wa bahari yao, na mahali pa mbweha wakamweka sungura, ambaye hila zake zajulikana na kila mtoto wa nchi hizi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliipata Unguja, akaiweka katika kitabu cha hadithi za Kiswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870.

Msomaji wa haraka hudhani kwamba kima ni mwerevu na punda ni mjinga, basi mafunzo yamekwisha. Lakini atazame vizuri. Kima naye alidanganywa. Alijua kabisa kwamba mnyama wa nchi kavu hana kazi baharini, akalisema neno hilo kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akaupanda mgongo wa papa. Katika safari ya kwanza kima na punda walikuwa sawasawa: wote wawili walisikia maneno matamu, wote wakafuata, na wote wakaponea chupuchupu. Walitengana katika safari ya pili tu. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kulirudia.

Yafaa pia kutazama jinsi punda alivyorudishwa. Sungura hakukana kwamba simba alimrukia. Majeraha yalikuwa wazi. Aliyapa majeraha maana nyingine tu. Hiyo ndiyo njia ya mdanganyifu wa mara ya pili. Humwambia mtu kwamba yale aliyoyaona kwa macho yake hakuyafahamu.

Katika miaka ya 2006 na 2007 watu wengi nchini Kenya walitia akiba zao katika miradi ya upatu iliyoahidi faida kubwa kwa muda mfupi. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na waliofuata walipopungua, milango ikafungwa. Waliopotewa na mali hapo wasichekwe, kwa maana hata kima aliupanda mgongo wa papa. Lakini miradi ya namna ile ile imerudi kwa majina mengine, mingine ikipitia katika simu za mkononi, na kila mmoja huja na sungura wake. Naye husema kwamba ule wa kwanza uliharibiwa na viongozi wabaya, au kwamba watu walikosa subira, lakini huu wa sasa ni mwingine. Mwenye moyo na masikio atauliza neno moja tu: faida hii yatoka katika kazi gani? Asipoonyeshwa shamba, wala duka, wala chombo, ajue kwamba yatoka mfukoni mwa atakayeingia nyuma yake.

Ndivyo ilivyo katika mambo madogo pia. Mkulima amempa mchuuzi magunia yake ya mahindi kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi, asilipwe. Msimu ujao mchuuzi yule yule aja na habari za lori lililoharibika njiani. Karani amemdhamini rafiki yake katika mkopo wa chama cha ushirika, akakatwa mshahara mwaka mzima. Kisha rafiki aja tena na karatasi ya kutiwa sahihi. Pengine lori liliharibika kweli, na pengine rafiki alifiwa. Yote yawezekana. Lakini mahindi ya pili na yauzwe kwa fedha mkononi, na karatasi ya pili irudi bila sahihi. Kumsamehe mtu ni kumwondolea kinyongo. Si kumrudishia ufunguo wa ghala.

Wala hadithi haikatazi urafiki. Kima alimtupia papa matunda siku nyingi, wala hapakuwa na hasara, kwa sababu alitoa kilichozidi, na miguu yake ilikuwa juu ya tawi. Hatari ilianza alipoliacha tawi. Mtu na awafanyie wenzake wema mwingi awezavyo, lakini shamba la watoto na akiba ya uzee visipandishwe mgongoni mwa mtu kwa maneno matupu.

Katika Kiswahili mtu akihifadhi neno lisimpotee, husemwa kwamba analijua kwa moyo. Basi masikio ni ya kusikia onyo, na moyo ni wa kulihifadhi. Punda alikuwa na masikio marefu kuliko wanyama wengi, wala hayakumsaidia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu humcheka, lakini yu hai.