Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Hifadhini Rekodi za Asili Yetu

Mheshimiwa Waziri,

KUH: REKODI ZA WATU WALIOZALIWA KWA MBEGU ZA WAFADHILI

Nakuandikia kutoka Muthetheni, eneo bunge la Mwala, Kaunti ya Machakos. Nilizaliwa kwa mbegu za mwanamume ambaye wazazi wangu hawakuwahi kumwona. Mama alinieleza nikiwa mtu mzima. Kliniki iliyowahudumia ilinijibu kwamba faili za miaka hiyo hazipo tena. Sitafuti baba mwingine: aliyenilea, akanilipia karo na kunipa jina lake, ndiye baba yangu. Naomba faili za wengine zisipotee.

Huku Ukambani huwezi kulikwepa swali la ukoo. Ukienda kuposa, wazee watataka kujua kama wewe ni wa Aombe, Atangwa au Anzauni, kwani kwa mila watu wa ukoo mmoja hawaoani. Ukoo wa baba yangu ni wangu kwa haki. Lakini haunihakikishii kwamba ninayemposa si dada yangu wa damu. Wala haumsaidii daktari anapouliza kama katika kizazi chetu kuna selimundu au saratani ya matiti.

Mtoto kuhesabiwa wa nyumba isiyo ya damu yake si jambo geni kwetu. Katika ndoa ya iweto, mwanamke asiyejaliwa mtoto humwoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake. Lakini watoto hao hukulia kijijini, na mara nyingi yuko nyanya au mjomba anayejua damu imetoka wapi. Sisi tuliotokana na kliniki hatuna nyanya wa kumuuliza. Tunalo faili tu.

Watoto wa kwanza wa IVF (utungisho wa mimba nje ya mwili) nchini walizaliwa Nairobi mwaka 2006; sasa ni watu wazima. Mheshimiwa Millie Odhiambo alianza kupigania sheria ya uzazi huu kwa muswada wa mwaka 2014, na Bunge la Taifa likapitisha ule wa 2022 mnamo Novemba 2025. Miaka yote hiyo kliniki zimekuwa zikifanya kazi, huku madaktari wakistaafu na makabati yakihamishwa.

Uingereza iliondoa usiri wa wafadhili tarehe 1 Aprili 2005: aliyetokana na mbegu zilizotolewa baada ya hapo anaweza kupewa jina la mfadhili akitimiza miaka 18. Huko pia vijana wengi hupata ndugu kwa kupima DNA kwa mate. Hifadhi za vipimo hivyo zina Wakenya wachache mno, kwa hiyo kwetu mlango wa pekee ni rejista.

Naomba mambo manne. Kwanza, agiza kliniki zote zisiharibu rekodi zozote za wafadhili, za zamani na za sasa. Pili, pawe na rejista moja ya taifa, itakayobaki hata kliniki ikifungwa. Tatu, mfadhili mpya akubali tangu mwanzo kwamba mtoto akifika miaka 18 anaweza kumjua. Wa zamani aliyeahidiwa siri aulizwe kwanza, na habari za afya yake zitolewe bila jina. Nne, iwekwe idadi ya mwisho ya familia kwa kila mfadhili.

Najua wafadhili wanaogopa kudaiwa matunzo na mashamba. Sheria itamke wazi kwamba hawadaiwi, nasi tutaridhika. Lakini Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine, ikihitajika kulinda haki yake. Na afya ni haki chini ya Kifungu cha 43. Wazazi wetu na madaktari waliafikiana kabla hatujazaliwa. Sisi hatukuulizwa, na makubaliano yao hayawezi kutufunga maisha yetu yote.

Anza na ombi la kwanza, Mheshimiwa, kwa waraka wa ofisi yako. Sheria ikichelewa inaweza kukamilishwa mwakani. Faili likichomwa halirudi.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Muthetheni