D ya daftari

Haya, nimerudi. Kazi za watu zilinibana mwezi mzima, lakini kuna jambo limenikaa rohoni na leo nalitoa: njia za mkato za kibodi, zile za kufungulia programu bila kugusa kipanya. Wengi wenu mnadhani hizo ni mbwembwe zetu sisi tunaoandika programu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipokwenda kumwona mama yangu mkubwa, Mombasa.

Mama mkubwa anauza leso. Ana laptopu ya mtumba, zile zinazotoka Uingereza, na ndani yake daftari la mauzo nililomtengenezea kwa LibreOffice Calc. Nilipofika nikaikuta laptopu imefunikwa kitambaa na mauzo yanaandikwa kwenye kitabu cha karatasi. "Mwanangu," akaniambia, "chombo chako chataka vidole vya mtoto." Ana baridi yabisi. Kubofya mara mbili huku mkono umetulia pale pale hawezi. Akijaribu, ikoni inahama au inafunguka menyu asiyoijua. (Najua mtasema kasi ya kubofya hupunguzwa. Nilipunguza. Mkono uliendelea kutikisika.) Na kile kitabu kilikwisha kumtia hasara: alikuwa amemlipa muuzaji wa jumla mara mbili kwa mzigo mmoja.

Kwenye Windows dawa yake ni ya dakika moja. Unatengeneza njia ya mkato ya faili, unaiweka kwenye deskitopu, unaibofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua Properties. Halafu unabofya ndani ya kisanduku kilichoandikwa Shortcut key na kubonyeza herufi unayoitaka. Ctrl na Alt zinajiongeza zenyewe. Nikamwekea D, D ya daftari.

Vibonye vitatu kwa pamoja ni vingi kwa mkono mgonjwa, lakini hapa ule mtumba ukatufaa. Kibodi za Uingereza zina AltGr upande wa kulia, na Windows hukihesabu kibonye hicho kama Ctrl na Alt pamoja. Yeye anashikilia AltGr kwa mkono mmoja na kugusa D kwa mwingine, basi. Ila msiitumie E kwa mtindo huu kama mna kibodi hiyo, kwa sababu AltGr na E ndiyo inayoandika é. Asiyeweza kushika viwili kwa pamoja abonyeze Shift mara tano awashe Sticky Keys, abonyeze kimoja baada ya kingine kama anayepiga namba ya simu.

Sasa hoja yangu. Herufi niliyomwekea mama mkubwa inatoka kwenye neno lake mwenyewe. Hakuhitaji kukariri kwamba programu inaitwa Calc. Kuna watu wanaobandika ukutani orodha ya njia za mkato 100 za kigeni, kisha wanalalamika kwamba hazikai kichwani. Zitakaaje? Chagua vitu vitatu unavyovifungua kila siku, viite unavyoviita nyumbani, uchukue herufi ya kwanza.

Wenye kampuni wao hawakungoja ruhusa yako. Jaribu kwenye Windows 11: shika Ctrl, Alt, Shift na kibonye cha Windows kwa pamoja, halafu L. Itafunguka LinkedIn! Nani aliomba? Januari 2024 Microsoft ikatangaza kibonye kizima cha Copilot, na kwenye laptopu nyingi mpya kimekalia nafasi ya Ctrl ya kulia au ya kibonye cha menyu. Ndani yake kinatuma Shift, Windows na F23, kibonye ambacho kwenye kibodi yako hutakiona. Wamebuni njia ya mkato kwa ajili ya bidhaa yao, na wameiweka mahali ambapo kidole chako kilikwisha kuzoea kitu kingine. Mimi nasema kibodi niliyoinunua kwa pesa zangu, hata ya mtumba, ni shamba langu.

Kuna mtego mmoja, nao ulinifanya nionekane mwongo. Wiki ya pili simu ikalia: D imekufa. Kumbe mjukuu wake alikuwa "amefanya usafi", akahamisha ikoni zote kwenye folda ndani ya Documents. Njia hizi za Windows husikia tu zikiwa kwenye deskitopu au kwenye menyu ya Start, na hakuna onyo lolote linalotokea zikihamishwa. Huo kwangu ni ubunifu mbovu. Bonyeza Windows na R, andika shell:programs, uifiche njia yako ya mkato humo. Mtu wa usafi hafiki huko.

Mimi mwenyewe natumia GNOME, ambako mambo ni nadhifu zaidi: unaingia Settings, kisha Keyboard, unaandika jina, amri na vibonye, na hakuna ikoni ya mtu kuihamisha. Lakini sikumbadilishia mama mkubwa mfumo mzima kwa ajili ya herufi moja.

Juzi amepiga tena. Anataka M, ya madeni. Nikamwelekeza mjukuu kwa simu, na safari hii ameiweka kwenye menyu ya Start.