Watalii wa meli wafika Pwani, Mbulu na Hanang waambulia nini?

Januari 2024, meli kubwa ya kitalii ya Norwegian Dawn ilitia nanga katika Bandari ya Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Ilikuwa habari njema kwa Taifa, kwa kuwa ni nadra kwa idadi kubwa kiasi hicho ya wageni kushuka nchini kwa siku moja na kwa chombo kimoja.

Wakati huo wakazi wa Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, walikuwa katika majonzi. Mwezi mmoja kabla, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu 89. Nyumba zilifukiwa, maduka yakasombwa na mashamba yakaharibika.

Matukio hayo mawili hayahusiani, lakini yanazua swali moja. Viongozi wamekuwa wakieleza kuwa kila mgeni anayeshuka melini ni neema kwa nchi nzima. Je, neema hiyo inafika Katesh, Haydom na Yaeda Chini?

Jibu linaanzia katika saa za mgeni mwenyewe. Mtalii wa meli anayefika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kwa kawaida hushuka asubuhi na kurudi chomboni kabla ya jua kuzama. Katika muda huo hutembezwa Ngome Kongwe, hupelekwa Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, kisha hupita Darajani au kwenye mashamba ya viungo.

Hali haitofautiani sana kwa vikundi vinavyosafiri kwa mashua za matanga. Hao huja na nahodha wao na mpishi wao, na malazi yao yamo humo humo chomboni. Mwongoza watalii, dereva wa teksi na muuza vinyago hupata chochote. Mwenye nyumba ya wageni hapati kitu, kwa sababu mgeni huyo halali mjini.

Biashara yenyewe pia haina uhakika. Mashua za matanga hufuata pepo za kaskazi na kusi, kama majahazi yalivyofanya kwa karne nyingi. Meli kubwa nazo hukimbia hatari. Uharamia wa Kisomali ulipopamba moto kati ya mwaka 2008 na 2011, kampuni nyingi ziliikwepa Pwani ya Afrika Mashariki. Mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2023 yalivuruga tena ratiba za vyombo vingi.

Kwa upande mwingine, takwimu rasmi zinaonyesha kuwa Zanzibar ilipokea wageni 736,755 mwaka 2024, na Tanzania nzima ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895. Wengi wa wageni wa Zanzibar huingia kwa ndege, hulala hotelini na kula chakula kinachonunuliwa sokoni.

Hapo ndipo Mbulu inapoingia. Wilaya hiyo inajulikana kwa kilimo cha vitunguu swaumu, na jirani yake Hanang hulima ngano, mahindi na maharage. Jiko la meli hujaza ghala lake bandarini ilikoanzia safari. Jiko la hoteli ya Nungwi au Paje halina budi kununua bidhaa hapa hapa, nyingi zikivushwa kutoka Bara. Kwa mkulima wa Mbulu, basi, familia moja inayolala Unguja wiki nzima inaweza kuwa na faida kuliko meli nzima iliyotia nanga kwa saa nane.

Wapo wanaodai kuwa abiria wa meli wanaweza kuvutwa hadi bara. Baadhi kweli husafirishwa kwa ndege kwenda kwenye hifadhi na kurudi siku hiyo hiyo, lakini si Mbulu wala Hanang. Kutoka Dar es Salaam hadi Katesh kwa barabara, kupitia Dodoma, Kondoa na Babati, ni safari ya siku nzima. Mgeni anayesubiriwa na honi ya meli jioni hawezi kuimudu.

Wilaya hizo hazikosi vivutio. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni miongoni mwa milima mirefu zaidi nchini, na hupandwa kwa siku moja au mbili. Lipo Ziwa Basotu, upo msitu wa Nou, na zipo jamii za Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe zenye lugha za asili tofauti kabisa.

Tatizo ni kwamba hata huku bara mgeni huja kwa saa chache. Safari nyingi za kuwaona Wahadzabe hupitia Karatu, upande wa Ziwa Eyasi. Watalii hufika alfajiri, hufuatana na wawindaji, hununua shanga, na kabla ya adhuhuri wameondoka kwenda kulala kwingine.

Barabara ni sehemu ya sababu. Lami ya kutoka Babati kwenda Singida inapita Katesh, lakini Mbulu imesubiri mno. Mei 2022, Mbunge wa Mbulu Vijijini wakati huo, Flatei Massay, alipiga sarakasi bungeni akidai barabara ya lami ya jimbo lake. Wengi walicheka, ingawa hoja yake ilikuwa nzito. Juni 2023 Serikali ilisaini mikataba ya barabara saba nchini, ikiwamo ya Karatu, Mbulu, Haydom hadi Maswa yenye kilometa 389. Hata hivyo, mkataba pekee haupitishi gari.

Sababu nyingine ni tahadhari ya wananchi, nayo ina historia. Hanang ilipoteza takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig kwa mashamba ya ngano ya Serikali yaliyofadhiliwa na Canada katika miaka ya 1970 na 1980. Bonde la Yaeda nalo lilitaka kugeuzwa kitalu cha uwindaji cha wawekezaji kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, hadi walipojiondoa mwaka 2007 baada ya upinzani. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Watu wenye kumbukumbu hizo hawawezi kulaumiwa wanapouliza mapema nani atalipwa.

Kupokea meli si kosa, na Dar es Salaam na Zanzibar zina haki ya kushindania abiria hao. Kosa ni kuhesabu vichwa vinavyoshuka gatini na kuacha kuhesabu usiku ambao mgeni analala nchini, mahali anapolala na mfuko ambamo malipo yake yanaingia.

Kwa Katesh, iliyozika watu wake na kuanza upya, kipimo ni kama kijana wa Jorodom anayemwongoza mgeni mlimani analipwa ujira wa haki, na kama mgeni huyo analala mjini hapo kabla ya kuendelea na safari. Kwa Mbulu, ni lami, soko la uhakika la vitunguu swaumu, na ada ya kijiji inayosomwa hadharani katika mkutano wa kijiji. Hadi hapo, honi ya meli itaendelea kusikika Pwani tu.