Historia ya Mbulu Haikusubiri Jahazi

Wapo wengi, vijiweni hadi madarasani, wanaoamini kwamba historia ya nchi hii ilianzia pwani, na bara ikaja kuamshwa na misafara. Kwa imani hiyo, Mbulu na Hanang hazina la kusimulia kabla ya Wajerumani. Ni imani potofu, na ardhi ya Mbulu yenyewe inaikanusha.

Shahidi wao mkuu huwa ni maandishi ya Kigiriki. Katikati ya karne ya 1 BK, mfanyabiashara kutoka Misri aliandika mwongozo wa safari za baharini uitwao Periplus. Pwani yetu aliiita Azania, na soko lake la mwisho Rhapta. Wageni walileta mikuki, shoka na visu, wakaondoka na pembe za ndovu na faru na magamba ya kasa. Rhapta ilikuwa wapi? Wapo wataalamu wanaotaja delta ya Rufiji, wapo wanaotaja Pangani; mjadala haujaisha.

Kitabu hicho ni hazina, lakini kiliandikwa kwa ajili ya manahodha na wachuuzi. Kutoitaja bara hakumaanishi kwamba bara ilikuwa tupu. Hata Ptolemy wa Alexandria, aliyechora maziwa na milima ya theluji katika karne ya 2, alitegemea habari za kusikia.

Sasa tupande Mbulu. Huko Luxmanda, kwenye uwanda wa juu, wanaakiolojia wamefukua makazi ya wafugaji ya takriban miaka 3,000 iliyopita: mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Wafugaji hao walitangulia Periplus kwa miaka ipatayo 1,000. Mwaka 2017, uchunguzi wa DNA ya mtu aliyezikwa hapo ulionyesha kwamba sehemu ya nasaba yake inahusiana na watu wa kale wa Mashariki ya Kati. Nasaba hiyo ilifika huku muda mrefu kabla ya soko la Rhapta kuandikwa.

Watasema hao si Wairaqw wala Wadatoga wa leo. Hakuna haja ya kudai hivyo. Inatosha kwamba watu waliishi, walifuga na kuzikana hapa.

Mwalimu wa Katesh au Dongobesh anayefundisha historia ya Tanzania aanze na Luxmanda, kisha ndipo afike Rhapta. Na wizara iviandike vitabu kwa mpangilio huo.