Tuta likipigwa vibaya, refa afanye nini?

Julai 25, 2021, bao moja la Taddeo Lwanga liliipa Simba Kombe la Shirikisho la Azam mbele ya Yanga, Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Kwenye fainali ngumu kama ile, tuta moja likiamuliwa ovyo linaharibu msimu mzima.

Sheria ya 14 iko wazi. Mpigaji akimaliza kukimbia halafu akazuga kupiga, anakula kadi ya njano na wapinzani wanapewa mpira wa adhabu, hata kama umetinga wavuni. Kipa akitoka mapema kwenye mstari akaokoa, penalti inarudiwa. Ukiingia, ni bao.

Utata ulikuwa kuugusa mara mbili. Machi 12, 2025, Julián Álvarez wa Atlético Madrid aliteleza kwenye matuta dhidi ya Real Madrid, penalti yake ikafutwa. Juni mwaka huo IFAB ikafafanua: kama ni bahati mbaya na mpira umeingia, irudiwe.

Viwanja vya mtaani Ujiji havina VAR. Hivyo msaidizi atazame miguu ya kipa, refa amtazame mpigaji. Akishaamua, asiyumbishwe na kelele za mashabiki.