MAFUTA YA MGANDO TUTENGENEZE, LAKINI MIGUU YA MTOTO TUIBONYEZE

Ndugu msomaji, huku kwetu Tabora nta si kitu cha kutafuta mbali. Katika nyumba nyingi za kijiji chetu mtu akirina asali na kuikamua, masega hutupwa nyuma ya nyumba yakaliwa na sisimizi. Wakati huo huo mama wa nyumba hiyo anatoa fedha dukani kununua kopo dogo la mafuta ya nywele. Jambo hili liliniudhi tangu nilipopangiwa kazi katika zahanati yetu. Kwa hiyo nilianza kuwafundisha akina mama, siku za kliniki, kutengeneza mafuta ya mgando kwa nta na mafuta ya nyonyo. Wenzangu walinicheka, wakasema mganga msaidizi amegeuka msusi. Mimi bado naona kazi ile ilikuwa njema. Lakini nilikosea mahali pamoja, na kosa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza nieleze namna ya kutengeneza, maana wengi wameniuliza.

Weka masega yaliyokamuliwa katika sufuria yenye maji, yachemke polepole mpaka yayeyuke. Yachuje kwa kitambaa kikuukuu yangali moto, kisha uache usiku kucha. Asubuhi utaikuta nta imeganda juu ya maji kama chapati ya manjano. Igeuze, kwangua uchafu ulioganda upande wa chini. Ikiwa bado ni chafu, rudia mara ya pili.

Sasa chukua sufuria kubwa yenye maji, na ndani yake weka sufuria ndogo au kopo safi. Nta na mafuta viyeyushiwe humo ndani ya chombo kidogo, si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kabla maji hayajachemka, na ikipata moto mkali huwaka kama petroli. Watoto wakae mbali. Kipimo changu ni vijiko 2 vya nta iliyoyeyuka kwa vijiko 8 vya mafuta. Koroga, mimina katika vikopo vilivyokauka kabisa, acha vipoe. Ukiona mafuta yamekuwa magumu mno, yayeyushe tena uongeze kijiko cha mafuta. Yakiwa laini mno, ongeza nta. Wenzetu wa nchi za baridi kama Njombe wapunguze nta, na wenzetu wa pwani wanaotumia mafuta ya nazi waiongeze, kwa sababu mafuta ya nazi yenyewe huyeyuka yanapopata joto la nyuzi 25 hivi.

Kuna mama atakayeniambia kuwa yeye huongeza utomvu wa shubiri, au yai, au parachichi. Mama, ukitaka kupaka vitu hivyo, vipake siku hiyo hiyo na kuosha. Usivitie ndani ya kopo. Mafuta na nta bila maji hukaa miezi bila kuharibika, lakini ukishatia kitu chenye maji, vijidudu vimepata makao. Ndiyo maana nasema hata kidole cha kuchotea kiwe kikavu.

Kuhusu nyonyo ninalo neno zito zaidi. Mafuta yake yaliyochemshwa vizuri hayana ubaya kichwani, lakini punje zake ni sumu. Punje chache zikitafunwa na mtoto zinaweza kumuua. Kwa hiyo baada ya kukaanga, kutwanga, kuchemsha na kuengua mafuta, mashudu yazikwe shimoni. Asipewe mbuzi wala kuku. Kinu kioshwe sana, na afadhali kiwe kinu kisichotwangiwa chakula. Wala msichanganye nyonyo na mbono kaburi, ambao nao ni sumu. Asiye na hakika atumie mafuta ya alizeti, yanatosha.

Mafuta haya hupakwa nywele zikiwa bado na unyevu baada ya kuoshwa. Chukua kiasi cha punje ya harage, sugua viganjani mpaka yayeyuke, pitisha katika nywele. Maji ndiyo yanayolainisha nywele zetu; mafuta na nta kazi yake ni kuyazuia yasikauke upesi. Nywele zikiwa laini hazikatiki wakati wa kuchana, na huo ndio msaada wake wote.

Narudia: huo ndio msaada wake wote. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, ndiyo maana ukikatwa hauumi. Hauli mafuta. Unywele unalishiwa shinani, chini ya ngozi, na chakula chake kinaletwa na damu, na damu inakipata katika sahani. Mimi nilikuwa nalijua jambo hili. Nilikuwa nimelisomea cheti. Lakini siku ya kufundisha nilijawa na furaha ya kusikilizwa, nikasema mafuta haya “yanarudisha afya ya nywele.” Maneno hayo yalitembea kijijini kuliko nilivyodhani.

Baada ya wiki kadhaa alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume, umri wake yapata miaka 2. Mama wa mtoto alikuwa amejifungua mwingine, huyu akaachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema bila kuzunguka:

“Mjukuu wangu, mafuta yako hayajashika. Nimempaka asubuhi na jioni, wiki ya tatu sasa.”

Nywele za mtoto zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Lakini zilikuwa nyembamba, zimelala, na rangi yake ya udongo mwekundu. Nilipozigusa zilibaki vidoleni mwangu na mtoto hakushtuka. Hakulia, hakunitazama. Mashavu yalikuwa yamejaa, na bibi alidhani amenenepa. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, nikakiondoa, pakabaki shimo. Mguu wa pili vile vile. Ilikuwa ni kwashakoo.

Bibi yule hakuwa mzembe. Alikuwa ameziona nywele za mtoto zikibadilika kabla ya mtu mwingine yeyote, naye akatafuta dawa mahali alipoambiwa ipo. Niliyemwambia ni mimi. Wiki 3 zile mtoto angalikuwa tayari hospitali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fanya hivi kabla ya kumpaka mtoto mafuta ya aina yoyote kwa sababu nywele zake zimebadilika. Bonyeza juu ya nyayo zake zote mbili kwa kidole gumba, huku ukihesabu polepole mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Kama shimo linabaki miguu yote miwili, mpeleke kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Usingoje soko, usingoje jembe. Wala usianze kumshindilia chakula kingi nyumbani ukidhani unamwokoa; mwili wake umedhoofika, na chakula cha kwanza lazima kiwe cha kipimo. Kama hakuna shimo lakini nywele ni hafifu na mtoto amepooza, mpeleke vile vile akapimwe mkono kwa ule utepe wa rangi.

Mabaka yenye ukurutu ambayo nywele zimekatika ni jambo jingine. Hayo huenda ni mapunye, nayo huhitaji vidonge vya zahanati. Mafuta juu yake huficha tu, na kitana huyahamishia kwa dada yake.

Sasa nasikia vikundi vya akina mama wa vijiji vya jirani vimeanza kuuza mafuta haya, na wengine wanayaita dawa ya kukuza nywele. Kuuza nawaunga mkono kabisa. Fedha ya nta ibaki nyumbani kwa mrina asali. Jina hilo ndilo nalikataa. Najua biashara hupenda jina kubwa, na najua kuwa jina hilo mbegu yake niliitupa mimi. Yaitwe mafuta ya nywele basi. Na muuzaji akiona mama ananunua kwa ajili ya mtoto mdogo, amwombe amtazame miguu mtoto huyo. Haichukui muda kuliko kuhesabu chenji.

Siku za kliniki bado nafundisha. Ila sasa, kabla sufuria haijatengwa motoni, akina mama wote hubonyeza miguu ya watoto wao nikiangalia. Wale walionicheka wameanza kunisaidia.

Mjukuu wa bibi alilazwa hospitali ya wilaya, uvimbe ukaisha, akarudi. Nilimwona baada ya miezi kadhaa: nywele zilizoota karibu na ngozi zilikuwa nyeusi, na nchani bado zile nyekundu, kama mstari umechorwa. Bibi alitaka kuzinyoa zile nyekundu. Nilimwomba aziache kidogo, niwaonyeshe akina mama wengine.